Mabega ya Bibi Harusi

Msichana akishatawishwa kwa ajili ya harusi, masikio yake huota macho. Mimi nilikuwa nimefungiwa chumba cha ndani nyumbani kwa bibi yangu, hapa Kotagede, kisiwani Java, nasuguliwa liwa asubuhi na jioni kama sufuria ya sikukuu. Sikutakiwa kumwona bwana harusi wala yeye kuniona mpaka siku yenyewe. Kwa hiyo gari liliposimama uani, nilijua kwa jinsi mlango wa kwanza ulivyobamizwa kwamba aliyeshuka ni mama mkwe wangu mtarajiwa, Mama Asmaniar, katoka kwao Bukittinggi, nchi ya Waminang ng'ambo ya bahari. Mlango wa pili ukafungwa taratibu, kwa adabu, kama unaombwa radhi. Huyo alikuwa Afrizal wangu.

"Assalamu alaikum! Wenyewe mpo?" Sauti ya Mama Asmaniar ilifika jikoni kabla ya viatu vyake kuvuka kizingiti. "Nimeleta nyama ya rendang! Msiiweke mahali paka anapofika!"

Mbah, ndivyo ninavyomwita bibi yangu, alikunja uso. Alikuwa kaketi mkekani kando yangu, miguu kaikunja upande mmoja, akipanga majani ya mkadi ya kujaribia fundo la nywele zangu.

"Sauti hiyo," aliniambia chini chini, "mtu anaivaa au yenyewe inamvaa?"

"Mbah, nawe."

"Mimi nimeuliza tu." Akainuka, akajitengeneza blauzi yake ya kebaya ya kijani iliyombana vizuri, akatupia mtandio wa kijani juu ya fundo lake la nywele za mvi. Mtandio wa Mbah haujawahi kufunika kitu. Hukaa pale juu kama ndege aliyetua kupumzika, na nywele za mbele huchungulia zitakavyo. Na huyo ndiye mwanamke ambaye hajakosa sala ya alfajiri tangu nimjue.

Alitoka kwa vile vihatua vyake vidogo, batiki imembana miguuni, bila hata ubao mmoja wa sakafu kulia.

Mbah Darmi ni mpambaji wa maharusi. Nusu ya wanawake wa mtaa huu waliolewa wakiwa na mchoro wa mkono wake kwenye paji la uso: zile ncha nyeusi zenye ukingo wa dhahabu zinazoshuka kutoka kwenye nywele. Hagusi paji la msichana akiwa ameshiba. Hufunga kwanza, akasali, akamwombea yule mtoto wa watu kwa jina, ndipo akashika wembe na rangi. Mama yangu naye alichorwa na mkono huo. Mama alifariki nikiwa mdogo, Mbah akanilea, na kila bibi harusi aliyepita mikononi mwake nilimtazama nikijua kwamba siku moja mikono ile itakuwa yangu. Hiyo ndiyo harusi niliyoiota. Nyingine zote, ukumbi na keki na wapiga picha, kwangu zilikuwa mapambo.

Ila lilikuwapo jambo moja nililoshindwa kumwambia. Bibi harusi wa kwetu, kwa vazi lile kubwa la Yogyakarta, hufungwa batiki ndefu kifuani, mabega yakabaki wazi, na nywele zikajazwa mkadi na kufunikwa wavu wa asumini. Mimi navaa hijabu tangu sekondari. Hakuna aliyenilazimisha, niliipenda mwenyewe, na sasa nikiivua mbele ya watu najihisi kama niliyesahau sketi nyumbani. Kila nilipofungua mdomo kumweleza Mbah, niliona mikono ile ikipanga majani, nikafunga mdomo.

Ukuta wa chumba changu ni wa mbao za nakshi, umetobolewa maua na majani tangu enzi za babu wa babu. Upande wa pili, Mjomba Tarjo, mtoto wa kwanza wa Mbah, alikuwa amemwingiza Afrizal kumpima vazi lake. Nilisikia mtu akikohoa kikohozi ninachokijua vizuri.

"Ning," ukuta ulinong'ona, ukilikata jina langu Wening kama kawaida yake. "Upo?"

"Sipo. Nimetawishwa."

"Basi mwambie huyo asiyekuwepo kwamba nina hamu naye mpaka wanafunzi wamenionea huruma. Jana nimewafundisha kani ya mvutano, nikamaliza kipindi bila kuwauliza swali."

Nilibana kicheko kwa kiganja. Tunafundisha shule moja, yeye fizikia, mimi historia, na mapenzi yetu yalianzia chumba cha walimu kwa ugomvi wa kiti kimoja chenye mto. Namwita Uda, kama wanawake wa kwao wanavyowaita kaka zao na waume zao. Siku ya kwanza kumwita hivyo alimwaga chai.

"Ning, mjomba wako ananiambia nivue shati."

"Vua."

"Nimevua. Ananipaka manjano. Kifua kizima, kama samaki wa kukaanga. Halafu navaa nini juu?"

"Huvai kitu."

"Kitu gani sivai?"

"Shati, Uda. Batiki kiunoni, jambia mgongoni, mkufu shingoni, kofia ndefu kichwani. Juu ni wewe na Mola wako. Kwani hujawahi kuona harusi ya kwetu?"

"Nimeona! Nilidhani shati la yule bwana limechelewa kwa fundi."

Nilianguka kwenye mto nikacheka machozi yakanitoka. Huyu ndiye mwanamume ambaye tulipowapeleka wanafunzi ufukweni Parangtritis aliingia baharini na shati la mikono mirefu, vifungo vyote mpaka shingoni, wanafunzi wakamwita Profesa Nguva. Kwao mwanamume hakai kifua wazi hata mbele ya dada zake.

"Unacheka," alisema. "Cheka tu. Kwa ajili yako ningepakwa hata pilipili."

Maneno kama hayo yakikuingia ukiwa umefungiwa peke yako, huna pa kuyakimbilia.

Hapo ndipo sauti ya Mama Asmaniar ilipopanda sebuleni. "Na huyu kwenye picha ni nani?"

Nilitambaa mpaka kwenye pazia la mlango nikachungulia. Alikuwa amesimama mbele ya picha ya harusi ya mama yangu, mikono kiunoni. Mwanamke mnene, mzuri, mwenye mashavu ya kucheka, shungi lake kubwa la samawati limemfunika kutoka paji mpaka chini ya kiuno.

"Mwanangu," Mbah alijibu akimimina chai. "Mama yake Wening."

"Marehemu? Allah amrehemu, alikuwa mzuri kweli." Akasogeza uso karibu na kioo. "Ila, Mbah, sehemu ya juu ya gauni iko wapi?"

"Hilo ndilo gauni lote."

"Hilo ndilo lote!" Mama Asmaniar aliketi kama aliyesukumwa. "Na Wening naye atavaa hivyo?"

"Ndivyo tunavyovaa. Kunywa chai, Mama, itapoa."

"Mbah, mimi si mtu wa maneno mengi," alisema, na nilimsikia Mjomba Tarjo akiguna upande wa pili wa ukuta. "Lakini dini haina Java wala Minang. Nywele ni nywele, bega ni bega. Likiwa wazi liko wazi, hata ukilizungushia asumini."

Mbah aliweka birika chini bila mlio. "Mimi nilikuwa nasali wewe hujazaliwa, Mama. Makka nimefika. Na nimevaa hivi maisha yangu yote. Nilipokuwa msichana tulikwenda sokoni mabega wazi, nguo imefungwa hapa, wala hakuna mwanamume aliyegeuza shingo. Ila ukipiga hatua ndefu, ukacheka mpaka magego yakaonekana, ukapita mbele ya mkubwa wako umesimama wima, siku hiyo ndiyo watu walisema mtoto wa fulani anatembea uchi."

Mama Asmaniar alikuwa amepita mbele ya Mbah akiwa wima mara kadhaa tangu aingie.

"Kwa hiyo mimi niko uchi?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema kwa Kijava. Yaani umesema bila kusema!"

"Na wewe umesema kwa Kiminang. Jirani wa tatu kashasikia."

Wallahi nilikaribia kucheka. Mama Asmaniar alishusha pumzi, na safari hii alizungumza polepole, jambo lililonitisha zaidi ya kelele zake.

"Mbah, nakuheshimu. Lakini ukoo wangu mzima unapanda ndege kuja hapa. Wajomba, masheikh, shangazi zangu. Wakimkuta mkwe wetu mabega wazi, wataondoka, na mimi sitakuwa na uso wa kuwazuia. Mwanangu nitamwombea heri nikiwa kwangu."

"Nami nakuheshimu," Mbah alisema. "Lakini mkono wangu hauchori juu ya kitambaa. Unachora juu ya mtu. Nimewaona hao maharusi wa siku hizi, wamefungwa kichwa chote, paji limebandikwa kama stika ya pikipiki. Mkimfunika huyu mtoto, mtafute mpambaji mwingine."

Mpambaji mwingine. Bibi yangu mwenyewe kaketi mle mle, na mtu baki ndiye anishike paji.

Nilirudi ukutani mbio. "Uda, umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema kitu basi! Toka umwambie mama yako kitu!"

Nilisikia tu Mjomba Tarjo akiendelea kupaka.

"Nimwambie nini Amak, Ning? Tangu nizaliwe sijawahi kushinda neno lake hata moja. Hata fizikia aliikataa, alitaka nisome udaktari, nikasoma kwa kujificha."

"Basi oa mama yako!"

Nilijuta kabla neno halijafika mwisho. Nilikaa sakafuni, mgongo kwenye mbao, machozi yakanitoka kweli sasa. Nilimpenda mtu huyu kwa upole wake, na leo upole ule ule ulinichoma.

"Ning," aliita. Sauti ilikuwa chini, maana naye alikuwa ameketi sakafuni, mgongo wake kwenye mgongo wangu, ubao katikati. "Wote wawili wamesema wanachotaka. Wewe unataka nini?"

Ajabu ni kwamba katika miezi yote ile hakuna aliyeniuliza.

"Nataka mabega yangu yafunikwe," nilisema, na sikuamini nimelitamka. "Nataka mikono ya Mbah kwenye paji langu, si ya mtu mwingine. Na nakutaka wewe. Vyote vitatu."

"Kwa mpangilio huo huo? Mimi wa mwisho?"

"Usinichekeshe, nalia."

"Futa machozi." Nilisikia akisimama, mkufu ukilia shingoni. "Mjomba, nivishe hiyo kofia. Natoka."

"Hujavaa shati," Mjomba Tarjo alimkumbusha.

"Ndiyo maana natoka."

Nilikimbilia pazia. Najua sikutakiwa kumwona. Niliziba macho kwa vidole, na vidole vyenyewe nikavitanua. Mlango wa chumba cha pili ulifunguka, na Profesa Nguva, asiyefungua hata kifungo cha shingo, akaingia sebuleni kifua wazi, anang'aa manjano, masikio mekundu kwa haya, batiki imemzunguka kiuno kama mwana wa sultani. Mungu anisamehe, sikujua fizikia inajenga mabega namna ile.

"Ya Allah!" Kikombe cha Mama Asmaniar kiliruka. "Zal! Nani amekuvua? Vaa shati! Vaa shati haraka!"

"Ndilo vazi lenyewe, Amak. Ndivyo nitakavyokaa siku ya harusi, mbele ya wajomba na shangazi."

"Hukai! Hukai hivyo nikiwa hai!"

"Ni haramu, Amak?"

Huyu mama alifundisha madrasa muda mrefu, na swali la dini likiulizwa hawezi kulijibu uongo.

"Si haramu," alisema kwa shida. "Kwa mwanamume kinachofunikwa ni kitovu mpaka magoti. Lakini ni aibu!"

"Aibu wapi?"

"Aibu wapi! Kwetu!"

Neno lile lilitoka likakaa katikati ya sebule, na kila mtu akalitazama. Mbah aliinua kikombe chake akanywa chai polepole sana. Nadhani mambo yangeishia hapo, Mama Asmaniar ameduwaa na Mbah anakunywa ushindi wake, kama mlango wa mbele usingefunguliwa wakati huo huo na vijana wa kufunga hema la harusi wakaingia na viti, wanasukumana, wanaimba, wakamkuta bwana harusi katikati ya nyumba kama alivyo.

"Msimwangalie mwanangu!"

Kufumba na kufumbua, Mama Asmaniar alivuta shungi lake kubwa la samawati, likatoka lote kwa mara moja, akamrukia Afrizal akamviringisha kuanzia shingoni mpaka magotini. Kofia aliyoivaa ndani ya shungi nayo iling'oka, ikaanguka kwenye chai. Ndipo akageuka kuwafokea vijana, na ndipo upepo wa mlangoni ulipomgusa kichwani.

Nywele zake zilikuwa na mvi, nyembamba, zimesukwa mkia mmoja mdogo kama wa msichana wa shule. Alishika kichwa kwa mikono miwili. Uso wake uliokuwa mwekundu kwa hasira ukapauka. Yule mwanamke mwenye sauti ya kujaza soko alisimama mbele ya wanaume wale bila sauti yoyote, akitafuta pa kujificha ndani ya chumba kisicho na kona.

Na Mbah akakimbia.

Sikuwahi kumwona bibi yangu akikimbia. Utotoni alinichapa mapaja kwa hatua iliyozidi ubao mmoja. Lakini alirusha kikombe, akaishika batiki yake kwa mkono mmoja akaipandisha mpaka magotini, akavuka sebule kwa hatua za askari, akang'oa mtandio juu ya fundo lake la nywele akamfunika nao Mama Asmaniar, kisha akamkumbatia kichwa chote kwa mikono yake akakificha kifuani.

"Geukeni ukutani!" aliwangurumia wale vijana. Naam, alinguruma, Mbah Darmi wa kunong'ona. "Mmezaliwa na mbuzi? Geukeni!"

Vijana waligeuka. Mmoja alijifunika uso kwa kiti. Mjomba Tarjo, aliyekuwa ametokea mlangoni na bakuli la manjano, aligeuka naye akagonga paji kwenye nguzo.

Walibaki hivyo kwa muda, wanawake wawili, mmoja amemficha mwenzake. Nilidhani Mama Asmaniar analia, mabega yalikuwa yakitetemeka. Kumbe.

"Mbah," sauti ilitoka ndani ya kebaya, imezibika. "Umekimbia."

"Sijakimbia."

"Umekimbia. Nimeona magoti."

"Na mimi nimeona mvi. Tuko sawa."

Kicheko kilianza kwa Mama Asmaniar, kikamwambukiza Mbah, na sasa magego yote ya Mbah yalikuwa nje, yale mawili yaliyobaki. Waliteremka mpaka sakafuni wakiwa wameshikana. Vijana wa hema, nyuso ukutani, nao wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini. Afrizal alisimama katikati amefungwa shungi la mama yake kama mtoto mchanga wa manjano, na macho yake yakanitafuta kwenye pazia. Yakanipata. Nilisahau kuyaziba yangu.

"Mrudisheni huyo ndani!" Mbah alipiga kelele. "Bibi harusi anaona!"

Alirudishwa. Vijana walitoka kinyumenyume. Nami nikauvua woga wangu, nikatoka nyuma ya pazia nikapiga magoti mbele ya Mbah, maana kama si siku ile, isingekuwa siku nyingine.

"Mbah, si Mama peke yake. Hata mimi nataka kujifunika."

Kicheko kilimwisha usoni. "Tangu lini?"

"Tangu siku zote."

"Mbona hukusema, mtoto?"

"Niliogopa mikono yako itaondoka. Mabega yakiwa wazi nitaona haya siku ile moja. Lakini mkono usio wako ukinigusa paji, nitalia maisha yangu yote."

Mbah alitazama picha ya ukutani muda mrefu, na alipozungumza ilikuwa kwa ile sauti yake ya kila siku, ndogo.

"Unajua una mabega yake? Vile vile, mpaka alama ya hapa. Nilitaka kumwona tena mwanangu. Mara moja tu, nikiwa na rangi mkononi. Nikasema ni mila. Mila gani, ni uzee na hamu."

Mama Asmaniar alimshika mkono. Hakusema dini, hakusema kwetu wala kwenu. Alifuta macho kwa ncha ya ule mtandio.

"Basi utamwona, Mbah," alisema. "Akishafungwa batiki, kabla hajafunikwa, chumbani, wewe na yeye. Mpaka macho yashibe. Ndipo sisi wengine tuje."

Mbah aliinama, akakubali kwa kichwa, na machozi yakadondoka kwenye batiki. Kisha akapenga kamasi, akainuka, akaenda kwenye kasha lake la mbao. Alirudi na koti la mahameli jeusi, la mikono mirefu, limetariziwa dhahabu kifuani mpaka kwenye pindo.

"Hili nalo ni la jadi," alisema. "La zamani zaidi ya sisi sote. Huvaliwa juu ya batiki ile ile."

"Lilikuwapo humo muda wote?" Mama Asmaniar alishika kiuno.

"Hukuuliza, Mama. Ulifoka."

"Na nywele?"

Hapo Mbah aliniinua kidevu akanitazama paji kwa jicho la kazi. "Rangi yangu ni nyeusi. Nywele ni nyeusi. Kitambaa cheusi kikianzia pale nywele zinapoanzia, rangi ikameza ukingo wake, nani atajua nywele zimeishia wapi? Nitachora juu ya mtu. Kitambaa kitajitegemea. Na shingo nitaifunika asumini mpaka mkatafute pua."

"Na Zal?" Mama Asmaniar aliuliza haraka. "Zal naye?"

"Bibi harusi akivaa koti, bwana harusi naye huvaa koti. Hawaachani."

"Lazima?" nilisema.

Nilisema upesi mno. Wote wawili waliniangalia. Nilikumbuka ghafla kwamba nimetawishwa, nikarudi chumbani mbio huku nyuma yangu wanacheka kama wasichana wa bweni.

Ukuta ulikuwa unanisubiri.

"Ning. Umeniona?"

"Sijaona kitu."

"Hata kidogo?"

"Kidogo. Upande mmoja. Uda, kwa nini ulitoka? Wewe, mwenye haya zile?"

"Neno la kumshinda Amak sina," alisema. "Kifua ninacho. Nikasema akione, anieleze mwenyewe." Kisha sauti ikawa ya chini zaidi. "Na ulisema unanitaka. Mtu akisikia hivyo, shati ni nini?"

Kidole chake cha shahada kilipenya katikati ya ua moja la nakshi, cha manjano mpaka kwenye kucha. Hatukuwahi kushikana hata mkono. Nilikiangalia kile kidole kama mwizi anavyoangalia dirisha lililo wazi. Nikakigusa kwa ncha ya changu, kidogo tu, joto lake likanipanda mpaka shingoni, na tukakaa hivyo bila neno mpaka nikasikia vihatua vya Mbah. Kidole kikatoweka kwenye ua.

Waliingia pamoja, Mama Asmaniar ameshika kioo, Mbah bakuli la maji. "Leo napima tu," Mbah alisema. "Wembe na rangi vitasubiri nifunge." Aliketi mbele yangu, akachovya kidole, akanichora kwa maji mstari wa kwanza katikati ya paji. Nilifumba macho. Nilikuwa nimeungoja mkono huo tangu utotoni, na sasa ulikuwa hapa, wa baridi, mwepesi, unanuka mkadi.

"Nipe mkono," alisema baadaye. Akageuza kiganja changu, akakitazama kidole. Ncha yake ilikuwa ya manjano.

"Hii nini?"

"Manjano ya jikoni, Mbah."

"Jikoni kwetu leo hakujapikwa kitu cha manjano."

Ukuta ulikohoa.

"Ya rendang yangu hiyo," Mama Asmaniar alisema, hata hakupepesa. "Nilimwonjesha."

"Rendang yako nyeusi, Mama. Nimeiona."

"Kabla haijaiva ni ya njano."

Mbah alimtazama. Mama Asmaniar alimtazama Mbah, ule mtandio wa kijani bado uko kichwani mwake, umekaa upande, nywele za mbele zinachungulia, wala hakuwa na haraka ya kuutengeneza. Kisha mwanamke huyo aliyefundisha madrasa na asiyejua kusema uongo alichukua kidole changu, akakifuta kwa ncha ya mtandio ule, taratibu, mpaka kikawa safi.

"Endelea kuchora, Mbah," alisema. "Mtoto wetu anasubiri."